Mlango wa Kigezo

Mume akimwonea mkewe wivu, watu huuliza huyo mwanamume mwingine ni nani. Kwa Baba Pacha hapakuwa na mwanamume mwingine. Angekuwepo, pengine ingekuwa nafuu: angemfuata, wakatukanana, wakakunjana mashati, mambo yakaisha. Kilichomkwama rohoni kilikuwa kitu ambacho hangeweza hata kumweleza mtu akaeleweka. Mkewe alikuwa amekitobolea mlango kisanduku chake.

Kisanduku chenyewe kilikuwa cha ndani ya kompyuta. Mume na mke hawa walifanya kazi ofisi moja, ofisi ya maji ya mvua, ghorofani juu ya duka la taa na nyaya. Kazi ya ofisi ilikuwa kuhakikisha mtaa wa bondeni haufuriki. Kule chini palikuwa na bwawa la kukusanyia maji, na kando yake kituo cha pampu za kuyasukuma maji hayo hadi mtoni. Pampu ziliamriwa na modeli, na modeli ilikuwa ya Baba Pacha. Ukiitazama kwenye skrini, uliona visanduku vilivyounganishwa kwa mistari. Programu iliviita visanduku hivyo watendaji, na kweli kila mmoja alikuwa na kazi yake: huyu hupokea kina cha maji, yule hupiga hesabu, wa tatu huamsha pampu. Walipelekeana namba kama majirani wanavyopitishiana habari juu ya ua.

Yule wa kuamsha pampu alikuwa na kigezo kimoja alichokishika kama amri: maji yafike kina gani ndipo pampu ziwake. Wakati wa jua kigezo kiliwekwa juu, pampu zisichakae bure. Mvua kubwa ikikaribia, kiliteremshwa, pampu zianze mapema. Kukibadili kulitaka modeli isimamishwe, kisanduku kifunguliwe, namba iandikwe kwa mkono, na mkono huo ulikuwa wa Baba Pacha. Mawingu yakitanda, Mkurugenzi mwenyewe alitoka chumbani kwake, mikono nyuma, akaja kumsimamia.

"Injinia, tuteremshie kigezo. Mbingu si nzuri leo."

Injinia alivua miwani, akaifuta taratibu, akatazama dirishani kama daktari anayemtazama mgonjwa. "Nipeni nafasi kidogo," alisema. Nao wakampa. Raha ya kungojwa na watu wazima, aliyeionja haisahau.

Sasa raha hiyo ilikuwa imekwisha. Mama Pacha, ambaye alikuwa akifundisha hisabati shuleni kabla mumewe hajamleta ofisini, alisimama kwenye mkutano siku moja akasema kwa nia njema kabisa, "Kwa nini tumsumbue Injinia kila mvua ikitaka kunyesha? Kigezo tukipe mlango wa kuingizia. Kipimamvua kilichoko kilimani kilete namba chenyewe, ipite mlangoni, kigezo kijibadili palepale bila kusimamisha chochote."

"Inawezekana?" Mkurugenzi aliuliza.

"Ile namba aliyoandika Injinia haifutwi, inabaki kama ya kuanzia tu. Ikiingia mpya mlangoni, mtendaji anaifuata mpya."

*Kama ya kuanzia tu.* Baba Pacha alitabasamu na kupiga makofi pamoja na wengine. Viganja vilimwasha.

Tangu siku hiyo roho ya kwa nini ilimwingia, ikajitandikia mkeka, ikakaa.

*

Ubaya wa wivu ni kwamba hupata chakula kila mahali. Simu ya ofisi ikilia, mtu wa upande wa pili akaomba kuongea na Injinia, Baba Pacha akasema, "Ndiye mimi," aliambiwa, "Samahani, namtaka yule mama." Watoto wao pacha, wasichana wa darasa la pili, walirudi shuleni wakirukaruka.

"Baba, mwalimu kasema mama aje kutueleza kazi yake!"

"Na baba je?" aliuliza, akijifanya anatania.

Pacha walitazamana. "Unaweza kuja kumbebea kompyuta," alijibu mmoja, na mwenzake akakubali kwa kichwa, maana waliona wamempa cheo.

Dada yake Baba Pacha naye hakukosa la kusema. Alikuwa mwanamke wa maneno, mwenye kuchoma na kupuliza kwa pumzi moja. Alikuja Jumapili, akaketi, akavua viatu. "Ndugu yangu, siku hizi nikisema mimi ni dada yake Injinia, watu wananiuliza: wifi yako ni yule? Nawaambia ndiye. Wanasema, hongera, mmeoa." Akacheka mpaka akafuta machozi. "Mmeoa! Kana kwamba ninyi ndio mliookotwa."

"Wifi, acha bwana," alisema Mama Pacha kutoka jikoni. "Yeye ndiye mwalimu wangu."

Hilo nalo lilimchoma. Mtu anayekusifu kwa kukuinamia, unajua tayari ameshakupita kimo.

Jioni ile, wageni wote wakiwa wameondoka na watoto wakioga, mkewe alimsogezea kompyuta mezani. "Baba Pacha, Alhamisi tunaiwasha rasmi. Nikagulie kwanza, tafadhali. Jicho lako ni kali kuliko langu."

"Una watu wengi wa kukukagulia."

"Sina wengine. Wengine wananisifu tu."

Akaenda kuwatoa watoto bafuni, akamwacha na ile modeli. Baba Pacha aliifungua kwa shingo upande. Kazi ilikuwa safi. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi: alitafuta uchafu, hakuuona. Mistari ilikuwa imenyooka, majina ya watendaji yanaeleweka, mlango mpya umekaa ubavuni mwa kisanduku chake kana kwamba ulizaliwa nacho. Aliingiza namba za mvua ya kubuni, kigezo kikashuka. Alipunguza mvua, kikapanda. Kilitii kama mtoto mwenye adabu.

Kisha, bila sababu hasa, pengine kwa chuki tu, aliukata ule mstari unaoleta namba mlangoni. Alitegemea programu ipige kelele. Haikupiga. Mtendaji aliendelea na kazi akiishikilia namba ya mwisho aliyopewa. Mlangoni hapakuwa na mtu tena, naye hakujua. Baba Pacha aliketi wima. Aliona mara moja maana yake: kipimamvua kikifa siku ya jua, kigezo kitabaki cha jua, hata gharika ije. Tiba yake ilikuwa nyepesi. Namba mpya ikichelewa kupita muda fulani, mtendaji arudi kwenye namba ya tahadhari, ile ya chini ya siku za mvua, na kengele ilie. Ni kazi ya asubuhi moja.

Moyo ulimpiga kwa furaha mbaya. Mwenye kusifiwa na wote alikuwa amesahau jambo, na aliyeliona ni yeye peke yake.

Aliurudisha mstari mahali pake. Mama Pacha akatokea mlangoni, taulo begani, mikono imelowa, macho yanasubiri.

"Unaionaje?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kupumua mara moja, si zaidi. Baba Pacha alimwangalia mkewe, akamwona kwenye jukwaa Alhamisi, akamwona Mkurugenzi akimpa mkono.

"Iko sawa," alisema.

"Kweli?"

"Si nimekwambia. Iko sawa."

Mama Pacha alishusha pumzi, akambusu utosini, akarudi kwa watoto. Mahali alipombusu palibaki pamelowa.

Baba Pacha alijiambia angemweleza kesho. Kesho ilipofika akajiambia ni vizuri kwanza mkewe ajikwae kidogo, kitu kidogo tu, kisichoumiza mtu, kisha yeye ajitokeze kurekebisha. Alhamisi waliiwasha rasmi. Mpiga picha alipanga watu mbele ya skrini, akamnyooshea Baba Pacha kidole. "Kaka, sogea kidogo, unaziba kompyuta." Alisogea. Kwenye picha iliyotundikwa baadaye ukutani, kulionekana kiwiko chake.

*

Jua liliwaka wiki kadhaa, ardhi ikakauka, watu wakaanza kuisahau mvua. Kilimani, kwenye kipimamvua, waya mmoja ulitafunwa na panya. Namba zikakoma kuja. Hakuna aliyejua, kwa kuwa hakuna kilicholia.

Mvua ilikuja alasiri moja bila salamu. Asubuhi kulikuwa na jua la kuanika, mchana upepo ukageuka, na kabla watu hawajaanua nguo, mbingu zilikuwa zimefunguka. Mama Pacha alikuwa ameitwa mji jirani kuwaeleza wenzao kazi yake. Mkurugenzi alikuwa kikaoni chumbani kwake. Baba Pacha alikuwa mezani kwake, na skrini mbele yake.

Aliitazama namba ya kigezo. Ilikuwa ya jua. Akatazama dirishani: barabara haikuonekana, duka la ng'ambo halikuonekana, mabati yalipiga kelele mpaka karani wa pembeni alikuwa anafungua mdomo na sauti haisikiki. Akarudi kwenye skrini. Namba ileile.

Alijua. Kila mshipa mwilini mwake ulijua. Mkono wake ulikwenda kwenye simu, ukaishika, ukabaki pale. Mkurugenzi atatoka sasa hivi, alijiambia. Aje aone kwa macho yake. Aje asimame hapa, mikono nyuma, aniambie, Injinia, tusaidie. Kwa hiyo akangoja. Hakungoja sana. Ukimuuliza hata leo atakwambia hakungoja sana. Lakini maji hayangoji, na alipoinua simu apige kituo cha pampu, simu ya Mkurugenzi ilikuwa tayari inalia huko ndani, na mtu wa bondeni anapiga mayowe.

Mlinzi wa pampu, mzee waliyemwita Babu Pampu, alikuwa amengoja mashine ijiwashe kama alivyoambiwa. Alipoona maji yamefika vizingitini mwa nyumba, akashuka ngazi ya chuma kwenda kuvuta wenzo kwa mkono. Ngazi ilikuwa imelowa. Aliteleza, akaanguka chini kwenye saruji, mguu ukamvunjikia juu ya goti. Akajikokota, akauvuta wenzo. Pampu ziliwaka. Kufikia hapo maji yalikuwa yamepita kwenye nyumba za bondeni, yamebeba magodoro, vyombo, mifuko ya unga ya wenye maduka. Kwenye shule ya chekechea walimu waliwapandisha watoto juu ya meza, wakakaa hapo wakiimba ili wasilie.

Hakufa mtu. Watu walilisema hilo mara nyingi jioni ile, kama wanaojifariji.

*

Mkurugenzi aliifunga modeli jioni hiyohiyo, akabadili neno la siri mwenyewe. "Hakuna atakayeigusa mpaka kamati ikae," alisema. Mama Pacha aliambiwa abaki nyumbani.

Dada mtu alifika kesho yake na mapema. Alimkuta wifi yake amekaa sebuleni na kanga ya kulalia, akamwacha hapo, akamfuata kaka yake uani.

"Si nilisema? Kusifiwa kukizidi, mtu anapofuka. Wewe ulikaa na pampu zako miaka, nani alilowa? Mwache ajifunze."

Yalikuwa maneno ambayo Baba Pacha aliyatamani kwa miezi. Yalipofika, yalikuwa kama chakula kilichokaa: unakitambua, lakini hakishuki.

"Dada, nyamaza," alisema.

"Eh! Mimi nakutetea, wewe unaninyamazisha?"

"Nimesema nyamaza."

Alipoingia ndani, Mama Pacha alikuwa amekwishavaa. "Nakwenda hospitali kumwona mzee," alisema. "Unanisindikiza?"

Angekataa vipi? Walinunua machungwa njiani, akayabeba yeye. Babu Pampu alikuwa amelazwa kitanda cha mwisho wodini, mguu umening'inizwa kwa uzito, uso umekuwa mdogo. Mama Pacha alipiga magoti kando ya kitanda, pale kwenye sakafu, watu wanatazama.

"Baba, nisamehe. Mashine ni yangu. Kosa ni langu. Bado sijalijua, lakini ni langu."

"Inuka, mwanangu." Mzee aliongea kwa shida. "Mimi nilingoja iwake. Nilisema, mama yule ana akili, atakuwa amejua. Nikangoja."

"Hukupaswa kungoja."

"Uliniambia niiamini."

Mama Pacha aliinamisha paji la uso kwenye shuka. Baba Pacha alisimama nyuma yake na mfuko wa machungwa, hajui auweke wapi, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akamwambia, "Kaka, weka tu hapo chini."

*

Jumamosi asubuhi Mama Pacha alikuwa mezani na makaratasi, kalamu sikioni, nywele hazijachanwa. Alikuwa amechora visanduku vyote kwa kumbukumbu, kimoja baada ya kingine, maana modeli yenyewe ilikuwa imefungwa. Hakuwa amekula. Watoto walikuwa kwa jirani. Baba Pacha alimletea chai, akaketi mbele yake, na huruma ikamshika ghafla, huruma ya kweli, pengine ya kwanza kwa muda mrefu.

"Sielewi," alisema mkewe. "Namba za mvua zilikoma kuja, sawa. Lakini zikikoma si ningeona? Si programu ingelalamika mlango ukiwa mtupu?"

"Hailalamiki," alisema Baba Pacha kwa upole. "Hata ukiukata ule mstari wa mlangoni, mtendaji anashikilia namba ya mwisho, anaendelea tu. Hakuna kengele."

Alisema hivyo kama unavyomwambia mtu mvua imeacha. Mama Pacha aliandika neno kwenye karatasi. Kisha kalamu ikasimama.

"Uliukata lini?"

"Nini?"

"Mstari. Modeli imefungwa tangu jioni ya mafuriko. Hakuna aliyeigusa. Baba Pacha, uliukata lini ukaona hakuna kengele?"

Chai ilikuwa inatoa moshi. Nje mtu alikuwa anapita anauza mifagio, anaita kwa sauti ndefu. Baba Pacha alifikiria kusema alikisia, kwamba alisoma mahali, kwamba ni mambo anayoyajua mwenye uzoefu. Alifungua mdomo, akayaona macho ya mkewe, akayaacha yote.

"Ile Jumapili," alisema.

"Jumapili niliyokuomba unikagulie."

"Ndiyo."

"Ukaniambia iko sawa."

"Ndiyo."

Alitegemea kelele. Angeshukuru kwa kelele. Mama Pacha aliikusanya mikono yake mapajani, akaitazama kama si yake. "Nilifikiri labda nimekukosea kitu," alisema hatimaye. "Miezi hii yote. Nilikuwa najiuliza nimemkosea nini huyu mtu, mbona hanitazami. Nikapunguza kusema habari za kazi nyumbani. Nikawa nakusifu mbele ya dada yako. Kumbe ulikuwa unanisubiri nianguke."

"Sikutaka mtu aumie."

"Mimi si mtu?"

Mama Pacha akainuka, akaikunja ile michoro, akaingia chumbani kwa watoto, akafunga mlango. Hakuufunga kwa nguvu.

*

Kamati ilikaa Jumatatu. Mkurugenzi alikuwa kichwani mwa meza, wenzake wawili pembeni, Mama Pacha upande mmoja na Baba Pacha upande wa pili, kama wanaogombea shamba. Mama Pacha alisimama akaeleza. Hakulia, hakujitetea. Alisema alikipa kigezo mlango, akasahau kujiuliza nini kitatokea siku mlangoni hakuna anayebisha. Alisema tiba yake ni nini. Kuhusu Jumapili hakusema neno hata moja. Mumewe alikuwa anangoja alitaje. Mkewe aliketi bila kulitaja.

"Tumekusikia," alisema Mkurugenzi. "Hatusemi una nia mbaya. Lakini watu wamepoteza mali, mzee wetu yuko hospitali. Mwalimu, utapumzika kwenye mradi huu." Akageuka. "Injinia, modeli ni yako tokea mwanzo. Tunakuomba uichukue tena. Ule mlango uondoe, turudi tulikotoka. Tukikuhitaji tutakuja kwako kama zamani."

Hilo hapo. Sahani imejaa, imewekwa mbele yake, hata kijiko kipo. Alichotakiwa ni kuvua miwani na kuifuta.

Alimtazama mkewe. Mama Pacha alikuwa anaangalia meza. Hakumsihi, hakumtisha, hakumpa hata ishara.

"Usiondolewe," alisema Baba Pacha. Sauti ilimtoka nyembamba, akakohoa, akaanza upya. "Mlango usiondolewe. Kazi yake ni bora kuliko yangu. Kasoro ilikuwa moja, na mimi niliiona kabla haijawashwa."

Mkurugenzi aliinua kichwa. "Uliiona?"

"Aliniomba nimkagulie. Nikaiona. Nikamwambia iko sawa."

"Kwa bahati mbaya?"

"Hapana."

"Ukijua?"

"Nikijua. Na siku ya mvua niliona namba haijabadilika. Simu ilikuwa mkononi. Nikangoja kwanza uje uone."

Hili la mwisho mkewe alikuwa halijui. Aliinua macho, akamtazama, na Baba Pacha akatamani sakafu ipasuke. Mmoja wa wajumbe aliachia kalamu ikabingirika mpaka chini, hakuna aliyeiokota. Mkurugenzi akasema polepole, kama anayeongea na mtu asiyemfahamu, "Toa vitu vyako mezani. Funguo umwachie karani."

Vitu vyenyewe havikujaza mfuko mmoja. Karani, kijana aliyekuwa akimwamkia kila asubuhi, alipokea funguo bila kumtazama, akazihesabu mbele yake.

*

Mama Pacha alirudishwa kazini na onyo la maandishi. Aliuwekea mlango kikomo cha muda na kengele, waya wa kilimani ukapitishwa ndani ya bomba la chuma. Baba Pacha alikaa nyumbani. Aliwapeleka watoto shule, akawarudisha, akafua. Mkewe alilala chumbani kwa watoto, na walisemezana mambo ya sabuni na ada na nani atapita sokoni.

Siku moja Baba Pacha alimkuta mkewe jikoni anamenya viazi. Akachukua kisu cha pili, akakaa.

"Hujaniambia kitu tangu siku ile," alisema.

"Nikuambie asante?"

"Sikusema hivyo."

Mama Pacha alikitupa kiazi kwenye maji. "Ulisema kwa sababu nilikuwa najua. Ningekuwa sijajua, je? Mkurugenzi amekupa modeli, mimi nimekaa pale kama mwizi. Ungesema?"

Baba Pacha alitafuta jibu. Alitamani kusema ndiyo. Lilikuwa neno fupi, na lingemsaidia sana.

"Sijui," alisema.

Mkewe aliendelea kumenya. Ganda lilishuka refu, bila kukatika. "Mzee hajui habari hii," alisema. "Mimi nimempigia magoti. Anafikiri ni mimi peke yangu. Leo ni zamu yangu kwenda, lakini siendi. Nenda wewe."

Alikwenda kwa miguu. Njia ilipita bondeni. Kuta za nyumba zilikuwa na mstari wa matope uliofika usawa wa kiuno, na watu walikuwa wameanika magodoro juani. Hakuna aliyemjua. Wodini, Babu Pampu alikuwa macho. Baba Pacha alibaki amesimama.

"Mzee, lile kosa si la mke wangu peke yake," alianza, na akaeleza yote, Jumapili na simu na mpaka kamati, bila kupumzika, kama anayevua shati lililomganda mwilini.

Mzee alimsikiliza hadi mwisho. "Alikukosea nini?"

"Hakunikosea."

"Sasa?"

"Alinizidi." Baba Pacha alimeza mate. "Basi. Alinizidi."

Babu Pampu aliutazama mguu wake uliokuwa unaning'inia. "Ndicho kilichonivunja mguu?"

"Ndicho."

Mzee aligeuza uso ukutani. Baba Pacha hakuthubutu kuketi wala kuondoka. Muuguzi alipita na toroli, akarudi nalo. Hatimaye mzee aliongea bila kugeuka.

"Mkeo anakuja saa ngapi?"

"Haji leo. Amenituma mimi."

Mzee aligeuza kichwa.

"Basi niinue," alisema mzee. "Mgongo unaniuma, na huyu muuguzi nimemwita tangu asubuhi."

Baba Pacha aliinama, akampitishia mkono mgongoni, akamwinua taratibu. Mzee alikuwa mzito kuliko alivyodhani.